Ngoma na maigizo chuoni: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

"Hizo ni burudani, masomo yako darasani."

Ukitaja siku ya utamaduni chuoni, wengi wanawaza pilau, mavazi na spika za kupasua masikio. Vipo, sikatai. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na ni hapo ambapo Amandina Lihamba na Penina Mlama walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996. Wasichana wa sekondari walikaa wakajadili yanayowakwamisha shuleni, wakayageuza nyimbo, ngoma na maigizo, kisha wakayaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Jambo ambalo msichana asingethubutu kumweleza mwalimu ofisini linasemeka jukwaani, maana pale anayesema ni mhusika. Baadaye Tuseme ilivuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, asasi ya Afrika inayotetea elimu ya wasichana, ambayo Mlama aliwahi kuiongoza.

"Ngoma ya kabila waachiwe wenyewe."

Chukua bugobogobo ya Wasukuma. Mwanafunzi wa Kihaya au Kipemba anayeijifunza anapewa jembe, na mara moja anagundua kuwa si pambo. Ni ngoma ya kazi: mapigo ndiyo yanayoamua jembe linyanyuke lini na lishuke lini, safu nzima kwa pamoja. Ukichelewa, jirani yako anakuona. Kabla ya hapo ngoma zenyewe zimepashwa moto ili ngozi ikaze, la sivyo sauti inatoka butu. Ninavyoona mimi, elimu ya tamasha iko kwenye mazoezi kuliko siku yenyewe. Mgeni rasmi anakuja, anapiga makofi, anaondoka. Waliofunzwa ni wale walioshinda jioni nyingi wakirekebishana hatua.

Kinachostahili lawama ni kumvika mtu lubega apige picha, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kumweleza anavaa nini.

"Kutaja makabila chuoni ni kuchochea ukabila."

Ukabila haungoji tamasha. Na anayecheza ngoma ya jirani yake ana sababu chache za kumbeza.

"Tamasha likiitwa la kimataifa, lazima liwe la Kiingereza."

Dhana hii ina historia. Juni 1962, Chuo cha Makerere, Uganda, kiliwapokea waandishi wa Afrika, wakiwamo Chinua Achebe na Wole Soyinka. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo James Ngugi, alikuwa bado mwanafunzi palepale. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, kwa hiyo Shaaban Robert, pamoja na ugwiji wake wote, hakuwa na kiti. Alifariki mwezi huohuo.

Ila chuo hichohicho mwaka 1965 kilitoa kikundi cha maigizo kilichozunguka mijini na vijijini, kikionyesha bure kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kikundi cha namna hiyo mwaka 1974. Dar es Salaam, Ebrahim Hussein alikuwa ameshatoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Majimaji, mwaka 1969. Aliitunga kwa Kiswahili, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Wasomaji wa nje wakaifuata kwenye tafsiri hiyo.

Kamati inayotaka mshairi wa Mombasa abadili lugha ili wageni waelewe ichape tafsiri kwenye karatasi, iwagawie mlangoni, na imwache aghani utenzi wake kama alivyoutunga.