Durham: nyumba ya Wabenedikto na dari yake ya mawe

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanawafahamu Wabenedikto kupitia abasia za Peramiho na Ndanda, ambako mkuu wa nyumba ni abate. Durham, kaskazini mwa Uingereza, utaratibu ulikuwa mwingine. Askofu alihesabiwa kuwa abate, lakini aliyewaongoza wamonaki siku hadi siku alikuwa priori. Kanisa lao likawa pia kanisa kuu la jimbo, na jambo hilo lilikuja kuliokoa.

Askofu William wa St Calais aliwaleta wamonaki hapo mwaka 1083 walitunze kaburi la Mtakatifu Cuthbert, mmonaki na askofu aliyefariki mwaka 687. Tarehe 11 Agosti 1093 ujenzi wa kanisa jipya ulianza, juu ya kilima kinachozungukwa pande tatu na mto Wear. Kufikia 1133 sehemu ya waumini ilikuwa imefunikwa kwa dari ya mawe.

Dari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hazina kubwa ya Durham. Mawe yaliyopangwa kwa tao huzisukuma kuta nje, na jengo likiwa pana kuta huweza kupasuka. Mafundi wa Durham walijenga mbavu za mawe zinazokatizana kutoka pembe hadi pembe, kisha wakajaza nafasi zilizobaki kati yake. Tatizo lilikuwa kimo: tao la nusu duara likiwa refu zaidi kwa upana, linapanda juu zaidi, hivyo matao ya pembeni na yale ya mshazari hayakulingana. Matao yanayovuka kanisa wakayachonga yenye ncha, yakaweza kuinuliwa hadi kimo kilichotakiwa. Matao mengine ya kuegemeza kuta waliyaficha chini ya mapaa ya pembeni. Hata hivyo walikuwa bado wanajifunza, kwani dari ya upande wa altare ilipata nyufa, ikabidi ijengwe upya katika karne ya 13.

Nguzo za mviringo nazo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mzunguko wake ni kama mita 6.6, karibu sawa na kimo chake. Mifereji inayozizunguka na michoro ya zigizaga ilichongwa kwenye kila jiwe kabla halijapandishwa, kwa hiyo fundi alipaswa kujua mapema jiwe lipi linakaa wapi. Sakafuni, kuelekea magharibi, kuna mstari wa mawe meusi: wanawake hawakuruhusiwa kuuvuka.

Kusini mwa kanisa kuna ua wenye veranda pande zote nne, ambako wamonaki walisoma na kutembea. Jiko lao la pembe nane lilijengwa na fundi John Lewyn kati ya 1366 na 1374.

Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipozifunga nyumba za watawa, Durham ilisalimishwa tarehe 31 Desemba 1539. Priori wa mwisho, Hugh Whitehead, akawa mkuu wa kwanza wa kanisa kuu lililoundwa upya mwaka 1541. Finchale, nyumba ndogo iliyokuwa chini ya Durham, kilomita chache kufuata mto, ambako wamonaki walikwenda mapumziko, haikuwa na askofu wala waumini wa kuitetea, na leo ni magofu. Bweni la Durham lililojengwa kati ya 1398 na 1404 bado lina boriti zake za mwaloni, na wageni huingia humo kutazama makumbusho ya kanisa.