Kisauni na panga: yanayosemwa na yaliyopo

Taja Kisauni, kaunti ndogo ya Mombasa, mbele ya mtu wa bara, au hata mtu wa kisiwani Mombasa, na mara nyingi swali la kwanza ni kama huko watu wanalala. Panga za vijana zimemwaga damu kweli katika mitaa yetu, na hakuna sababu ya kuficha. Lakini mengi yanayosemwa juu ya hatari hiyo si sahihi, na makosa hayo yanawafanya watu waogope pasipostahili na wazembee panapostahili.

"Kisauni inaongoza kwa uhalifu Mombasa nzima."

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 ilikuta watu 291,930 katika kaunti ndogo ya Kisauni. Hakuna kaunti ndogo nyingine ya Mombasa iliyofikia idadi hiyo. Mvita, yaani kisiwani, ilikuwa na watu 154,171. Maana yake, Kisauni ikiandikisha visa 19 na Mvita 10, uwezekano wa mtu mmoja kudhurika ni karibu ule ule, ingawa kichwa cha habari kitasema Kisauni imepita karibu maradufu. Atakayekupa idadi ya visa bila idadi ya watu hajakwambia kitu.

Halafu kuna suala la mipaka. Nyali ilikuwa sehemu ya eneobunge la Kisauni hadi mipaka ilipogawanywa upya kabla ya uchaguzi wa 2013. Kongowea, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani ziko Nyali sasa, lakini mtu akikatwa huko, utasikia "Kisauni tena". Na Kisauni yenyewe ina wadi saba. Shanzu ya mahoteli na Mwakirunge ya mashamba hazifanani na Mjambere au Junda, ambako nyumba zimebanana na gari la polisi haliwezi kupenya vichochoroni. Hata ndani ya wadi moja, wakazi wanajua njia gani haipitiki baada ya magharibi na ipi watoto wanachezea hadi saa tatu usiku. Ujuzi huo wa mtaani una faida kuliko orodha yoyote ya "maeneo hatari".

Takwimu za polisi zina kasoro nyingine: zinahesabu kilichoripotiwa tu. Aliyenyang'anywa simu na asiyetarajia kuiona tena haendi kituoni. Kwa hiyo mtaa wenye visa vichache kwenye daftari unaweza kuwa mtaa ambao watu wamekata tamaa.

"Wanaolengwa ni watalii."

Hapana. Mtalii analala nyuma ya ukuta wenye askari getini. Anayekutana na panga ni mama anayewahi soko la Kongowea alfajiri, mwenye duka anayefunga usiku, kijana wa boda, mfanyakazi anayetembea kutoka stendi. Uhalifu wa Kisauni unawaumiza zaidi watu wa Kisauni, na ndiyo sababu inaniuma kuona mkazi akinyimwa kazi au nyumba kwa sababu ya anwani yake.

"Ni mateja hao."

Teja, yaani mraibu, anayetafuta pesa ya unga (heroini) ataiba sufuria, bomba la maji, nguo kwenye kamba. Kundi linaloingia mtaani likikata kila linayemkuta ni jambo jingine, na mara nyingi ni la vijana wadogo kabisa. Kenya ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2014, na Kisauni ina kliniki yake. Anayepanga foleni pale anajaribu kupona. Kumpiga njiani kwa kosa la wengine ni kumrudisha alikotoka.

"Dawa yao ni risasi."

Hili husemwa kwa sauti kubwa kila baada ya shambulio, na hasira yake naielewa. Lakini Mombasa imeijaribu njia hiyo. Mashirika ya haki za binadamu ya hapa, MUHURI na Haki Africa, yameandika kwa miaka juu ya vijana waliouawa au kupotea bila kufikishwa mahakamani. Mwishoni mwa 2016 serikali ilipiga marufuku makundi karibu 90 nchini kwa mkupuo mmoja. Panga hazikuisha. Aliyeuawa huacha mdogo wake mwenye kisasi, na huacha mama ambaye hatamtaja tena kijana yeyote kwa polisi, kwa kuwa ameona kinachofuata. Bila akina mama hao, upelelezi mitaani hauna macho.

"Watoto hawashtakiwi, kwa hiyo wanatumwa wao."

Nusu tu ni kweli. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kati ya 12 na 14, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtoto alijua anachofanya ni kosa. Wa miaka 16 anashtakiwa bila kisingizio hicho. Hafungwi jela ya watu wazima, lakini anaweza kupelekwa shule ya borstal, ya kurekebisha vijana waliokosa, na mojawapo iko hapa hapa Shimo la Tewa.

"Polisi wanakamata, mahakama inaachilia."

Katiba, ibara ya 49, inampa mshukiwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hofu ya mashahidi kutishwa ni sababu ambayo mahakama huizingatia, lakini hakimu hawezi kuiota; lazima mwendesha mashtaka aieleze. Kwa hiyo aliyetishwa amwambie mpelelezi mapema, kabla ya siku ya kusikilizwa ombi la dhamana. Kenya pia ina Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi.

Kesi nyingine hufa kabla ya hapo. Mtu anakatwa, anashonwa, anarudi nyumbani, na wiki mbili baadaye hakuna karatasi hata moja. Ukienda kituoni, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Omba fomu ya P3, ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo hutolewa bure, na ijazwe na daktari kidonda kikiwa bado kinaonekana. Usikubali pia kuandikiwa wizi wa kawaida: wakikupora kwa nguvu au vitisho wakiwa wawili au zaidi, au mmoja mwenye silaha, sheria inauita unyang'anyi wa kutumia nguvu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, hata kama kilichochukuliwa ni simu ya mulika mwizi. Ofisa akikataa kuandika taarifa yako, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, hupokea malalamiko ya raia dhidi ya polisi.