Gari la Spoti la Kwendea Kazini

"Fundi, hili naweza kwenda nalo kazini kila siku?"

Swali hili huja mtu akiwa ameshalipenda gari. Ameshakaa kwenye siti, mkono mmoja uko kwenye usukani, na jibu analotaka kusikia analo tayari. Nami humjibu kwa swali: kutoka kwako hadi kazini ni kilomita ngapi? Wengi hushangaa. Walitegemea niulize nguvu za farasi, mwaka wa gari, au unene wa mfuko wao. Lakini kwa miaka 17 niliyofungua injini za magari ya spoti, na minne niliyoendea kazini kwa kupe yangu, yaani gari la milango miwili, yenye viti viwili, sijaona kitu kinachoamua maisha ya magari haya kama njia yanayopita kila asubuhi.

Watu hudhani yanauawa na mwendo kasi. Injini iliyoundwa kuzunguka mara 8,000 kwa dakika haisumbuliwi na kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tupu. Hapo ni kama imesinzia. Kinachoisumbua ni safari ya dakika sita.

Mshale wa joto kwenye dashibodi hupima maji ya rejeta, haupimi oili. Maji hupata moto mapema, mshale ukasimama katikati, na dereva akaamini mambo yako tayari. Oili wakati huo bado iko nyuma sana. Kwa kawaida hutaka dakika kumi hadi kumi na tano za mwendo kabla haijafika kwenye joto lake la kazi, na kwenye gari lenye sampu kavu, ambalo huweka oili kwenye tangi la pembeni na huweza kubeba lita nane, tisa hata zaidi, muda huo hurefuka. Kabla ya hapo ni nzito. Ukiikanyagia mafuta injini katika hali hiyo, unaisukuma kwa nguvu huku vyuma vyake havijatanuka hadi kwenye vipimo ambavyo mhandisi alivikusudia.

Hilo bado ni dogo. Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko inayohitaji ikiwa moto, na sehemu ya petroli hiyo hupenya pembeni mwa pistoni ikashuka kwenye oili. Mvuke wa maji unaotokana na kuchomwa kwa mafuta nao huingia humo na kugeuka matone. Oili ikifika nyuzi 100 hivi na kukaa hapo kwa muda, maji na petroli hiyo huvukia, vikavutwa na injini na kuchomwa. Ukienda kilomita nne ukazima, jioni ukarudi kilomita nne ukazima, vinabaki humohumo na kuongezeka. Siku moja unafungua kifuniko cha kujazia oili na kukuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Wateja hunipigia simu wakidhani gasketi ya silinda hedi imeungua. Mara nyingi haijaungua. Gari linasema tu kwamba halijawahi kuota moto sawasawa.

Injini nyingi za miaka ya karibuni zina jambo jingine. Hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi tena na petroli kama ilivyokuwa zamani. Masizi yanayotokana na mvuke wa oili huganda juu yake, na safari fupi huyaongeza. Dawa yake karakana ni kupuliza unga wa maganda ya jozi kwa kompresa. Ndiyo, jozi hizihizi za kutafuna: maganda yake ni magumu kiasi cha kung'oa masizi, na laini kiasi cha kutoikwaruza valvu. Ukiwa na Mazda RX-8, iliyoundwa kati ya 2003 na 2012 kwa injini isiyo na pistoni bali rota zenye pembe tatu, hesabu ni kali zaidi. Injini hiyo huchoma oili kwa makusudi ili kulainisha ncha za rota, na ukiizima kabla haijapata moto, petroli inaweza kuloanisha plagi ikakataa kuwaka. Mtu wa safari fupi asiisogelee, hata kama mlio wake umemtoa machozi.

Sasa igeuze sarafu. Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800S nyekundu mwaka 1966, kupe ya kispoti kwelikweli kwa zama zake. Alikuwa akienda nayo kazini na kurudi, maili 125 kwa siku, yaani kilomita 200. Mwaka 2013 gari hilohilo lilitimiza maili milioni tatu, zaidi ya kilomita milioni 4.8. Alikuwa mtunzaji hodari wa gari, hilo halina ubishi. Lakini mimi kila nikimfikiria naiona ile oili yake, moto kamili, saa nzima na zaidi, asubuhi na jioni.

Kwa hiyo umbali kwanza. La pili ninaloliuliza ni foleni.

Klachi ya gari la spoti hubana kwa nguvu kwa sababu hubeba nguvu nyingi, na hapo ndipo mguu wa kushoto unapolipia starehe ya mguu wa kulia. Mguu utazoea. Klachi yenyewe haizoei. Ukibalansi kwenye kilima, gari likining'inia kwa nusu klachi na mafuta kidogo, diski inasuguana na kupata moto bila kwenda popote. Nimeshafungua klachi zilizoisha kabla ya kilomita 30,000 huku injini zake zikiwa kama mpya, na kila mara mwenye gari ni mtu wa foleni ya kilima.

Wanaonunua giaboksi za klachi mbili hudhani wamekwepa. Hawajakwepa, ndani mna klachi vilevile, ila kompyuta ndiyo inayozikanyaga badala yao. Gari linapojivuta taratibu, mita moja, nusu mita, kompyuta inabalansi. Zile kavu huteseka zaidi kuliko zinazoogelea kwenye mafuta. Tabia ya kujifunza ni rahisi ingawa inawaudhi walio nyuma yako: acha nafasi ifunguke mbele, magari mawili au matatu, ndipo uondoke mara moja kwa mwendo wa kueleweka, kisha usimame ukanyage breki vizuri ili kompyuta iachie klachi kabisa. Breki ukiigusa kwa kubembeleza, huenda klachi ikaendelea kusugua chini kwa chini.

Nitasema jambo la kuwakasirisha wenzangu wa resi: kwa foleni nzito ya kila siku, otomatiki ya kawaida, ile inayopitisha nguvu kwa mafuta yanayozunguka ndani ya chombo chake, ndiyo bora. Ina uvivu kidogo, lakini haichomi chochote ikijivuta.

Kisha barabara yenyewe. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi la 195/65 R15, la gari la kawaida la familia, lina ukuta wa milimita 127, kwa sababu 65 ni asilimia ya upana wake. La 245/35 R19 lina milimita 86 tu. Hizo milimita 40 zilizopungua ndizo zilizokuwa zinameza mashimo. Zikiondoka, shimo linaonana na rimu uso kwa uso. Mimi liliniponza dimbwi. Nililiona ni maji tu ya mvua, nikalipita kwa kilomita 50 kwa saa, na chini ya maji mlikuwa na shimo lenye ukingo mkali kama wa ndoo. Rimu ya mbele ilipinda, usukani ukaanza kutetemeka kila nikipita kilomita 80, na fundi mzima nikaenda kupanga foleni kwa fundi mwenzangu wa kunyoosha rimu.

Baada ya hapo niliteremka saizi moja ya rimu, yaani inchi moja. Badala ya 245/35 R19 nikafunga 245/40 R18. Piga hesabu: kipenyo chote kinatofautiana kwa chini ya milimita moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi na kompyuta ya breki hailalamiki, lakini ukuta wa tairi unapata milimita 12 zaidi. Milimita 12 ni kidogo kwa macho, mgongoni ni nyingi. Kabla hujafanya hivyo hakikisha rimu ndogo inapita juu ya kalipa za breki, vile vibano vinavyokamata diski, maana magari mengine yana kalipa kubwa ambazo hazitakubali. Utaambiwa gari limepoteza sura. Wanaokuambia hivyo hawalipii rimu zako.

Nikiwa hapohapo kwenye tairi: pana hushika vizuri kwenye lami kavu, lakini kwenye maji huelea mapema kuliko jembamba, hasa kashata, yaani meno ya tairi, zikishakwisha. Na yale ya joto, yanayofungwa kwenye magari mengi ya spoti, huanza kuwa magumu hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7. Halafu kuna kamba (kwa Kiingereza camber), yaani mlalo wa tairi. Magari haya hupangwa magurudumu yakiinamia ndani kwa juu ili yashike kwenye kona. Ukienda mwendo mnyoofu kila siku, ukingo wa ndani ndio unaoliwa, tena bila kuonekana. Unalitazama tairi kwa nje, zuri kabisa, huku kwa ndani nyuzi zimeshatokeza. Ingiza mkono upapase. Fundi wa alaimenti anaweza kupunguza mlalo huo, na hutaukosa kwenye barabara ya kwenda ofisini.

Matuta yapande kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, polepole. Basi. Kama gari lina kitufe cha kuinua pua, kitumie mapema, maana pua haipandi papo hapo.

Breki wengi wanaziharibu kwa mapenzi. Wanafunga pedi za resi kwenye gari la kazini. Pedi hizo zinataka joto ndipo ziume, na asubuhi, mtoto akikatiza barabara kwenye mita mia za kwanza kutoka nyumbani, joto hilo halipo. Funga pedi za barabarani. Kelele zake ni ndogo pia.

Tukifika kwa mwenye gari, naye ni mashine inayochakaa. Kuingia kuna namna yake: makalio kwanza, miguu baadaye, na kutoka ni kinyume chake. Ukijikokota juu ya ukingo wa siti kila siku, utautoboa upande wa mlangoni ndani ya miaka michache. Ukitaka kujua kama gari unalouziwa lilikuwa la Jumapili kama anavyodai muuzaji, tazama ukingo huo kabla ya kutazama namba za kilomita. Milango ya kupe ni mirefu, kwa hiyo hutafungua vizuri ukiegesha katikati ya magari mawili. Mimi huegesha mwisho kabisa wa uwanja na kutembea. Eksosi iliyobadilishwa ni tamu dakika ya kwanza, lakini kwenye mwendo mmoja usiobadilika huvuma kichwani kama nyuki ndani ya debe. Jirani naye ana yake: injini ikiwaka baridi hupandisha mizunguko ili kupasha moto katalisti, kile kisafisha moshi cha eksosi, haraka, kwa hiyo hata ukiwa mstaarabu vipi, saa kumi na mbili asubuhi gari litapiga kelele. Ukishaliwasha ondoka, usikae hapo unalipasha.

Yapo magari yaliyofikiriwa kwa maisha haya. Porsche 911 tangu ilipoingia sokoni mwaka 1964 imekuwa na visiti viwili vya nyuma, vya mtoto au mkoba. Honda NSX ya 1990 ilikuwa na bodi ya aluminiamu na injini katikati, na bado dereva aliona nje vizuri. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula One, alishiriki kuijaribu, lakini mtu wa kawaida aliweza kuiendesha mjini bila kutoka jasho. Mazda MX-5 ya 1989 ni ndogo na nyepesi, nayo hufunguka kwa urahisi karakana. Mfano wa upande wa pili ni Ferrari F355 ya miaka ya 1990: kubadilisha taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu kwa wakati wake, kunataka injini yote itolewe. Kabla hujanunua muulize fundi, si muuzaji, huduma ya kawaida inahitaji kufungua nini. Jibu likianza na "kwanza tunashusha injini," usiendee nalo kazini.

Nisionekane nawatisha, kwa sababu gari linalolala nalo huugua. Betri hufa, tairi hupata bapa pale liliposimama, petroli huchacha, na mipira ya sili hukauka ikaanza kuvuja siku unayoliamsha. Nikipewa kuchagua kati ya gari la kilomita 15,000 lililolala miaka kumi na lililotembea 150,000 kwa mpango, oili ikibadilishwa kila baada ya nusu ya muda ulioandikwa kitabuni, nachukua la pili.

Yule wa swali la mwanzo alinijibu kwamba kwake hadi kazini ni kilomita tatu. Nilimweleza yote haya, akasikiliza kwa adabu, akalinunua. Basi nikampa sharti moja: angalau mara moja kwa wiki arudi kwa njia ya mzunguko, nusu saa kamili, mpaka oili ipate moto kamili. Juzi nimefungua kifuniko chake, kikavu, hakina utando hata kidogo. Siku hizi anazunguka kila jioni. Nyumbani anasema ni foleni.