Shamba la mbali: kapite mipaka kwanza

Likizo ya Desemba ikikaribia, simu yangu haipoi. Wengi wako Dar, wana mashamba ya urithi huku Mufindi, na swali ni lilelile: "Mpimaji, niuze, nikodishe, au nipande miti?" Nami huwauliza, mara ya mwisho umekanyaga kona za shamba lako lini?

Mzee mmoja mstaafu alikuja akiwa na uhakika wa ekari 12. Mpaka wake, alisema, ni mstari wa milingoti (mikaratusi). Milingoti tuliikuta, lakini ilikuwa na unene wa mkono tu. Visiki vya ile ya zamani vilikuwa ndani kabisa ya mahindi machanga ya jirani. Nilipopima, zikatoka ekari 9 na ushee. Jirani hata hakubisha: "Mzee, sisi tulijua umeshahama." Yakamalizika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, visiki vikiwa mashahidi.

Alikuwa na bahati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kuhesabu ardhi imetelekezwa ikikaa bila kutumiwa kwa miaka isiyopungua 5. Na ukomo wa kufungua kesi ya kudai ardhi ni miaka 12. Ukichelewa, hata visiki havikusaidii.

Kwa aliye mbali, mimi napendelea kukodisha. Lakini andikishaneni, msimu kwa msimu, kwa mahindi au viazi tu. Mpangaji akishapanda miti au parachichi, kumtoa ni shughuli. Atadai fidia, na wazee wa kijiji watamsikiliza. Hata shemeji anayekulindia bure mwandikie karatasi kwamba ni mwalikwa, si mwenye shamba. (Hasa shemeji.)

Misindano (miti ya paina) inavutia kwa hesabu za kwenye karatasi. Utasubiri miaka 15 au zaidi, na kila kiangazi barabara za moto, yaani njia zinazofyekwa kuzuia moto usiingie shambani, zisafishwe. Kama huna mtu wa kuzifyeka, unawapandia wenzako kuni.

Kuuza? Sawa, ila muuzie mtu ambaye halmashauri ya kijiji imemridhia, na baada ya kupima.

Yule mzee hakuuza. Amekodisha ekari 6, na ameomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina mawili, lake na la mkewe. Vile visiki amekataa vising'olewe.