Je, wajua kwa nini Linux, mfumo endeshi huria, huingia kirahisi kwenye kompyuta kuukuu kuliko mpya?

Laptopu ya miaka minane iliyopita ukiichomekea fleshi yenye Linux, muda si mrefu unavinjari intaneti. Fleshi hiyohiyo ipeleke kwenye laptopu iliyofunguliwa boksi leo: kisakinishi kinakutaka uchague diski huku orodha ya diski ikiwa tupu. Au diski zipo, waifai haipo. Au kioo kinabaki cheusi tangu mwanzo.

Chanzo kikubwa ni tarehe. Kwenye Windows, mtengenezaji wa kifaa huandika draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, na kuitoa peke yake. Kwenye Linux draiva nyingi sana hukaa ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo, na husafiri nayo. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 ikiwa na draiva za vifaa vya karibuni, lakini iliyomo kwenye fleshi yako iligandishwa siku toleo lilipofungwa. Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilitoka Juni 2023 na kerneli 6.1, ya Desemba 2022. Aliyeisakinisha miaka miwili baadaye alipata 6.1 ileile, imetiwa viraka tu. Kifaa kilichozaliwa katikati hapo hakijulikani.

Na kerneli haitambui kifaa kwa sura. Kila kifaa kilichounganishwa kwa njia ya PCI, ile inayounganisha vifaa vya ndani kama kadi ya mtandao, hujitaja kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya modeli. Realtek ni 10ec. Intel ni 8086, jina la chipu yao ya mwaka 1978. Wahandisi nao wana utani wao. Kila draiva hubeba orodha ya namba inazozihudumia, na kama ya kwako haimo, draiva inanyamaza. Hata ujumbe wa kosa hupati, na hapo ndipo watu huanza kuilaumu fleshi.

Andika lspci -nn, amri ya kuorodhesha vifaa hivyo na namba zao, kwenye terminali uone. Tuseme mstari wa kadi ya mtandao una 10ec:8125. Hiyo ni chipu ya Realtek ya gigabiti 2.5, na kisa chake ni kizuri. Debian 10 ilitoka Julai 2019 na kerneli 4.19. Draiva iitwayo r8169 ilikwishamjua ndugu yake mkubwa, 8168, lakini 8125 ilikuja kuijua kwenye kerneli 5.4, Novemba mwaka huohuo. Aliyenunua ubao mama wenye chipu hiyo aliambiwa na Debian 10 kwamba hana kadi ya mtandao, ilhali kebo imechomekwa na taa inawaka. Ili apate kerneli mpya alihitaji intaneti. Ili apate intaneti alihitaji kerneli mpya. Debian 11 ilipofika Agosti 2021 na kerneli 5.10, chipu ileile ikafanya kazi bila mtu kugusa waya.

Waifai ina mkasa wa ziada. Hata draiva ikiwapo, kadi nyingi hudai famwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi kila inapowashwa. Famwea hizo kwa kawaida si huria, ndiyo maana Debian ilizikataa kwenye kisakinishi chake rasmi kwa miaka mingi. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kuziruhusu, na Debian 12 ikawa ya kwanza kuja nazo. Kwangu mimi uamuzi huo ulichelewa. Kama una shaka, soma dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli: huwa inataja jina la faili iliyokosekana.

Diski isiyoonekana ni suala jingine, na mara nyingi dawa yake iko kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Laptopu nyingi za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa VMD au RAID, mpangilio unaoificha diski ya NVMe, aina ya kisasa yenye kasi, nyuma ya kidhibiti cha Intel. Kisakinishi cha Windows nacho hukwama papo hapo kikikosa draiva yake. Watu hawajui kwa sababu laptopu huuzwa ikiwa tayari imesakinishwa. Ukizima VMD, diski hujitokeza. Ila kama Windows bado unaihitaji, usizime kwa pupa. Kwanza hifadhi ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, kisha ipange Windows iwake katika hali salama, ndipo ubadilishe. Vinginevyo inaweza kugoma kuwaka.

Kioo cheusi mara nyingi hutulia ukiongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia, ili kerneli isiiguse draiva ya michoro wakati wa usakinishaji.

Ukikosa mtandao, njia niipendayo ni simu ya Android kwa kebo ya USB, ukiwa umewasha kushiriki intaneti. Kisakinishi huiona kama kadi ya mtandao ya USB ya aina ambayo kerneli imeijua miaka na miaka, basi kinaendelea. Ukishaingia unavuta kerneli mpya kutoka backports, hazina ya programu mpya zilizoandaliwa kwa toleo la zamani. Wengine huchagua tangu mwanzo mfumo wenye kerneli ya karibuni, kama Fedora au Arch, au toleo la Ubuntu lenye namba ya ziada mwishoni: 24.04 ilianza na kerneli 6.8, lakini fleshi ya 24.04.2 ina 6.11.

Yote yakishindikana, chomoa diski, isakinishie kwenye mashine nyingine inayotambulika, weka humo kerneli mpya, kisha irudishe. Linux hutafuta draiva upya kila inapowashwa, hivyo kuhamishwa mwili haiisumbui sana. Linaloweza kukukwaza ni BIOS ya laptopu, kwa kuwa haikushuhudia usakinishaji na haijui faili ya kuwashia iko wapi. Nakili faili hiyo kwenye EFI/BOOT kwa jina BOOTX64.EFI kabla hujaichomoa, maana hapo ndipo BIOS huchungulia ikikosa maelekezo mengine.