Shule ya sumaku ni nini, na mtoto wa chekechea huingiaje?

Kwenye kazi yangu ya ukalimani swali la kwanza huwa lile lile. Tumekaa mezani, karatasi za wilaya ya shule ziko mbele yetu, na hata mstari wa pili hatujaufikia. Mama mmoja wa Kikongo aliyefika Marekani akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliuliza hivi: "Papa, huyu mutoto anajua kuhesabu mpaka mia. Watamupima wapi?"

Hawatampima popote. Jina lake litaingia kwenye kompyuta pamoja na majina ya watoto wengine, kompyuta itachezesha droo, basi. Nilimweleza mara tatu na bado alinitazama kama mtu anayefichwa jambo.

Simlaumu. Aliyekulia Tanzania anazijua shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Kilakala na wenzake: unachaguliwa kwa alama. Wa Kenya anazijua shule za kitaifa kama Alliance, nako ni alama. Kwetu shule nzuri ya serikali ni ile inayochuja. Mzazi akisikia kwamba kuna shule ya umma yenye fomu yake, tarehe yake ya mwisho na somo linaloipa sifa, kichwani mwake tayari umeshaingia mtihani. Anarudi nyumbani kumkaririsha mtoto wa miaka minne herufi za alfabeti, na huku fomu yenyewe, ambayo ndiyo pekee inayohitajika, inalala kwenye begi hadi dirisha linafungwa.

Shule ya sumaku, ile ambayo kwenye karatasi za Marekani imeandikwa "magnet", ni shule ya umma. Haina ada, na inaendeshwa na wilaya ile ile ya shule inayoendesha shule ya mtaani kwako. Haifanani na shule za mkataba, ambazo hupokea fedha za umma lakini zina uongozi wao wenyewe. Inachotofautiana na shule ya kawaida ni mambo mawili. La kwanza ni mwelekeo: moja inajikita kwenye sayansi, nyingine muziki na maigizo, nyingine inafundisha kwa njia ya Montessori, nyingine nusu ya siku ni Kihispania au Kifaransa. La pili, na ndilo lililoipa jina, ni ramani. Marekani kwa kawaida anwani ndiyo inayokuchagulia shule. Ukikaa upande huu wa barabara unaenda huku, ukivuka unaenda kule. Shule ya sumaku haifungwi na mstari huo. Inavuta watoto kutoka mitaa ya mbali, kama sumaku inavyovuta misumari iliyomwagika sakafuni.

Kwa nini ikahitajika shule ya kuvuta? Historia yake ni chungu. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto Weusi na Weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Lakini mitaa yenyewe ilikuwa imetengana, na kwa kuwa shule hufuata anwani, shule zikabaki zimetengana. Mahakama zikaanza kuamuru watoto wapelekwe kwa mabasi shule za mitaa mingine, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaibariki njia hiyo katika kesi iliyotoka Charlotte, North Carolina. Familia nyingi za Weupe zikahamia vitongoji vya nje ya miji. Kesi ya Detroit ya 1974 ikaweka mpaka: amri za mabasi kwa kawaida zisivuke kuzifuata wilaya za vitongojini.

Mji wa Tacoma, jimbo la Washington, ulikuwa umeshajaribu njia nyingine tangu 1968. Shule ya msingi McCarver, ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa Weusi, ilipewa programu mpya, kisha milango ikafunguliwa kwa watoto wa mji mzima. Hakuna aliyelazimishwa kuja. Mwaka uliofuata Boston ikawa na shule ya Trotter kwa wazo lile lile. Badala ya kumsukuma mzazi, mvute.

Haikuvuta kila mahali. Kansas City, jimbo la Missouri, ilitumia zaidi ya dola bilioni 1 kwa amri ya jaji, shule zikajengewa mabwawa ya kuogelea na vifaa ambavyo vyuo vingine havina, na bado watoto Weupe wa vitongojini hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikasema jaji amevuka mamlaka yake. Kisha mwaka 2007, katika kesi zilizotoka Seattle na Louisville, mahakama hiyo ilikataza wilaya kutumia rangi ya mtoto mmoja mmoja kuamua aende shule gani. Kesi ya Louisville ilianza na mama ambaye mwanawe wa chekechea alinyimwa uhamisho. Tangu hapo wilaya nyingi zinazotaka kuchanganya watoto hutazama mtaa anaotoka mtoto na uchumi wa mtaa huo.

Hayo ya mahakamani mzazi anaweza kuyaruka. Kanuni za droo asiziruke.

Droo ya shule si kama ile ya kuokota karatasi kwenye kofia. Kila mtoto hupewa namba ya bahati, ndiyo, ila kabla ya namba kuna kipaumbele. Chukua Chicago. Tuseme chekechea ina viti 60, na wadogo wa wanafunzi waliomo tayari wamechukua 20. Vimebaki 40. Kwa utaratibu wa kawaida wa huko, asilimia 40 ya vilivyobaki, yaani viti 16, huchezeshewa watoto wanaoishi ndani ya maili 1.5 kutoka shuleni. Vinavyosalia ni 24, navyo hugawanywa kwa makundi manne ya mitaa kulingana na hali ya maisha, viti 6 kila kundi. Kwa hiyo wewe unayekaa mbali na huna mtoto mkubwa pale, ulipoambiwa shule ina nafasi 60, zako zilikuwa 6. Hiyo si sababu ya kutoomba. Ni sababu ya kutoweka matumaini yote kwenye shule moja.

Chicago hiyo hiyo, lazima niseme, ina pia shule za msingi zinazochagua kwa mtihani hata kwa watoto wa chekechea. Hizo zina jina jingine na fomu yake inataka mtoto apangiwe siku ya kupimwa. Na baadhi ya shule za sumaku, hasa za sekondari, hutaka alama au jaribio la kipaji, mfano mtoto acheze ngoma au achore. Kwa hiyo jibu langu la "hawatampima" ni la shule nyingi za wadogo, si la zote. Soma karatasi ya shule yenyewe.

Los Angeles nako kuna mfumo wa pointi, na siujui mwingine unaochekesha kama huo. Mtoto akiomba shule ya sumaku akakosa na kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, hupata pointi 4, na zinaweza kulimbikizwa hadi 12 kwa miaka mitatu. Mwenye ndugu shuleni anapata 3 tu. Wazazi wa mjini walipoishika hesabu hiyo wakaanza kuomba makusudi shule ambazo wanajua hawatapata, wakikusanya pointi za kukosa, ili mwaka wanaoitaka nafasi kweli wawe wamejaza kibubu. Mgeni aliyefika juzi, ambaye anaandika shule anayoitaka kwa moyo mweupe, anashindana na watu walioanza kupanga mtoto akiwa na miaka minne. Sioni haki hapo, lakini kanuni iko wazi na imeandikwa.

Hapo ndipo swali la kupanga machaguo linapokuwa na uzito. Fomu nyingi hukutaka uorodheshe shule: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Je, uandike unayoipenda kweli, au ile unayodhani utaipata? Boston, hadi mwaka 2005, mwenye kusema kweli angeweza kuumia. Kompyuta iliwagawia kwanza wote walioiweka shule namba moja. Ukiweka juu shule inayogombewa ukakosa, ukifika kwenye chaguo lako la pili unakuta imeshajazwa na walioiweka ya kwanza, hata kama unakaa ng'ambo ya barabara. Wajanja waliandika uongo. Wasiojua waliandika ukweli na watoto wao wakatupwa mbali.

Mwaka 2005 Boston ikaachana na mfumo huo na kutumia hesabu iliyotungwa na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, ambayo Alvin Roth na wenzake waliileta kwenye shule. Shapley na Roth walipata Nobel ya uchumi 2012. Hesabu yenyewe mtu yeyote anaweza kuifuata. Kompyuta humshikizia mtoto kiti kwa muda tu. Akija mwenye kipaumbele kikubwa zaidi au namba bora, wa kwanza huondolewa, hupelekwa kwenye chaguo lake linalofuata, na kule hushindana kana kwamba ndiko alikokutaka tangu mwanzo. Hakuna adhabu ya kuweka ndoto yako juu. Katika mfumo wa namna hii, uongo haukuongezei kitu.

Utajuaje wilaya yako inatumia upi? Huhitaji jina la hesabu. Piga simu uulize hivi: "Nikiiweka shule hii ya pili, nafasi yangu kule inapungua kuliko ningeiweka ya kwanza?" Wakisema haipungui, andika unavyopenda.

Kuna kosa moja nimeliona kwenye familia za Kikongo na nadra kuliona kwingine. Ukiacha mahali kama Los Angeles, kipaumbele cha ndugu mara nyingi ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na wao mara nyingi wanakikosa wakati wanacho. Kwa desturi ya Kikongo kila mtoto anaweza kubeba jina lake: mkubwa ana jina la babu, anayefuata la shangazi. Karani akitazama majina mawili yasiyofanana hawezi kukisia kwamba ni watoto wa tumbo moja. Chukua ile namba ya mwanafunzi ya mtoto mkubwa, iko kwenye ripoti yake ya shule, uiandike kwenye kisanduku cha ndugu. Na anwani za watoto wote zifanane hadi namba ya chumba. Dakika mbili hizo zinaweza kuzidi mwaka mzima wa kumfundisha mtoto kuhesabu.

Kuhusu karatasi nyingine sitakawia. Umri wa chekechea ni miaka 5, ila tarehe ya kufikisha hutofautiana: Kentucky ni tarehe 1 Agosti, Illinois ni 1 Septemba. Maombi huwa yanafunguliwa msimu wa majani kupukutika, karibu mwaka mzima kabla ya masomo. Hati ya uhamiaji ya mtoto haiwezi kuwa sababu ya kumnyima shule ya umma. Hilo liliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1982. Na mkalimani ni haki yako bila malipo, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964. Usimtumie mtoto wa darasa la nne kukutafsiria mambo ya mdogo wake.

Basi la shule ndilo ningependa kila mzazi alichunguze mapema, kwa sababu shule inayovuta kutoka mbali lazima mtu asafiri. Louisville, ambako familia nyingi za Wakongo wazungumzao Kiswahili zimepewa makazi, imeonyesha jambo hili waziwazi. Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, ratiba mpya ya mabasi ilivurugika hata watoto wa mwisho wakafika nyumbani karibu saa nne usiku. Madereva walikuwa hawatoshi. Mwaka uliofuata bodi ikapiga kura kuondoa mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule za sumaku. Nafasi ya mtoto ilibaki pale pale; kilichoondoka ni njia ya kumfikisha. Mwenye gari na kazi ya ofisini alijipanga. Anayeingia zamu ya kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, na kengele ya shule inalia saa mbili kasoro, afanye nini? Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama wanafundisha fidla, uliza basi linapita wapi na saa ngapi.

Ukikosa kwenye droo hujapoteza shule. Ile ya mtaani kwako inabaki na nafasi yako, na baadhi ya shule za mtaani, kwa maoni yangu, zina walimu wa chekechea wazuri kuliko zile zinazogombewa. Jina la mtoto huingia kwenye orodha ya kusubiri, nayo husogea familia zinapohama, majira ya joto hadi wiki za mwanzo za masomo. Simu hupigwa kutoka namba usiyoijua, na sisi tumezoea kuzikwepa namba hizo kwa kuogopa matapeli.

Yule mama wa Nyarugusu mwanawe alikuwa namba 11. Aliiandika namba ya ofisi ya wilaya kwenye karatasi akaibandika kwenye friji, na kwenye simu akaihifadhi kwa jina SHULE. Ilipiga Agosti, wakati wa mapumziko ya chakula kazini. Akaniunganisha nimtafsirie. Wakamwambia nafasi ipo na ana siku mbili za kujibu. Alinyamaza kidogo, nikasikia kelele za kiwanda nyuma yake, kisha akasema, "Papa, waulize kwanza. Bisi inapitia wapi?"