Kujifungua salama na kwa heshima: maswali ninayoulizwa leba na nje ya leba

Mimi ni mkunga. Maswali haya nimeulizwa kliniki, sokoni, kwenye daladala, na mengine nimeulizwa na akina baba walionivuta pembeni kwa aibu. Nimeyakusanya kwa sababu yote yananirudisha kwenye jambo moja ambalo kazi imenifundisha: mama anayeheshimiwa husema mapema kinachomsumbua, na mama anayesema mapema tunamuwahi.

Heshima si adabu tu? Inahusiana vipi na kufa au kupona?

Mfikirie mama aliyejifungua saa mbili zilizopita. Usiku ule alipolia kwa uchungu aliambiwa, "Nyamaza! Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulituita?" Sasa mtoto amelala kifuani, na mama anahisi kitu cha moto kinamshuka mapajani. Anachungulia. Nesi yuko mezani kule, anaandika. Mama anakunja pindo la kanga, analikandamiza katikati ya miguu, anasubiri. Kanga inalowa, anavuta ya pili. Masikio yanaanza kuvuma, anajiambia ni uchovu. Haiti mtu, maana mara ya mwisho alipopaza sauti alijibiwa vile.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua akina mama duniani, na mwanamke aliyekuwa mzima kabisa anaweza kutuponyoka ndani ya saa chache. Hata sisi wakunga macho hutudanganya, kwa kuwa damu iliyonyonywa na kanga na godoro huonekana ndogo kuliko ilivyo. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 200,000, ulilionyesha hilo. Mama alitandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za vipimo. Damu ikizidi kiwango, matibabu yote yalianza kwa mpigo mmoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, dawa ya kuzuia damu, dripu, na kutafuta damu inatokea wapi. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwa utaratibu wa kawaida wa kukadiria kwa macho, karibu nusu ya waliokuwa wakitokwa damu nyingi hawakutambuliwa.

Lakini mfuko ule huondolewa mama akihamishiwa kitanda kingine. Kuanzia hapo kengele iliyobaki ni mdomo wake, na mtu aliyefokewa hapigi kengele.

Ni kweli wanawake wengi hutendewa vibaya, au ni maneno ya mtaani?

Mkoani Tanga watafiti waliwahoji akina mama waliojifungulia katika vituo vinane. Walipoulizwa wakati wa kuondoka, asilimia 19 walisema wametendewa angalau jambo moja la kuwavunjia heshima, mathalani kufokewa, kupigwa, kuachwa peke yao au kuachwa wazi mbele za watu. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki chache baadaye kwa swali lilelile, na idadi ikapanda hadi asilimia 28. Matokeo hayo yalitoka 2014, nami kila nikiyakumbuka najiuliza ni mangapi hatuambiwi. Wakati wa kuondoka mama bado ana kadi mkononi, anajua chanjo za mtoto atazifuata palepale, na aliyemfokea huenda ndiye atakayempokea wiki ijayo. Akiwa kwake, ameshakunywa uji, mtoto ananyonya, ndipo anasema.

Mkoani humohumo lilijaribiwa jambo ambalo ningependa kila mganga mfawidhi alisikie. Wananchi na watumishi waliandika pamoja mkataba wa huduma, kisha wauguzi wa leba wakatafuta nini cha kurekebisha. Walirekebisha vitu vya kawaida kabisa: mapazia, sehemu ya faragha ya kumpokea mama, chai ya watumishi wa zamu. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulishuka kwa asilimia 66. Sijui leba yoyote ambayo haiwezi kununua pazia.

Asipofokewa si atambana mtoto? Kofi la pajani si la kumsaidia?

Hapana. Mwili ulioingiwa na hofu hutoa homoni zinazozorotesha uchungu, kwa hiyo unamfokea asukume huku ukimpunguzia nguvu ya kusukuma. Nilipoanza kazi niliwahi kumpiga mama pajani nikiamini naokoa mtoto. Macho aliyonitazama nayo ninayo mpaka leo. Kinachosaidia ni kuinama karibu na sikio lake, kumwambia uchungu ukija avute pumzi, ukipoa apumzike, na kumgeuza ubavu au kumwacha achuchumae kama mgongo unamuuma. Mama anayeambiwa "nakiona kichwa, kina nywele nyingi" husukuma kuliko anayeambiwa atamuua mwanawe.

Naweza kuingia leba na mama yangu?

Unapaswa kuweza. Tangu 2018 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma wakati wa uchungu unasema kila mama awe na msindikizaji amtakaye. Ushahidi uko wazi: mwenye mtu wa kumtia moyo muda wote uchungu wake huwa mfupi zaidi, na uwezekano wa kujifungua kwa njia ya kawaida huongezeka. Mkoani Kigoma jambo hili lilijaribiwa katika vituo vya serikali, na wasindikizaji wakawa msaada kwa wakunga pia.

Kikwazo mara nyingi ni jengo. Vitanda vinne chumba kimoja, hakuna pazia, mume wa mmoja ataingiaje bila kuwaona wengine? Ndiyo maana katika vituo vingi ni rahisi zaidi kukubaliwa shangazi, dada au mama mkwe (mama mkwe awe yule mnayeelewana, tafadhali). Uliza mapema, kliniki ya mwezi wa nane wa ujauzito, siyo usiku wa uchungu. Na huyo msindikizaji apewe kazi: amnyweshe maji, amkande mgongo, amtembeze, na baada ya mtoto kutoka, macho yake yasiondoke kwenye kanga.

Kuongezewa njia, kukandamizwa tumbo, kupimwa njia kila mara: ni lazima?

Kuongezewa njia kwa kila mama, hata kama ni mimba ya kwanza, hakushauriwi tena. Kufanywe pale tu penye sababu, uelezwe kwanza, na upigwe ganzi kabla ya kukatwa na kabla ya kushonwa. Kukandamiza tumbo kwa mikono au kiwiko ili mtoto atoke hakushauriwi kabisa. Kupima njia, kama mambo yanakwenda vizuri, kila saa nne kunatosha, na mtu mmoja akipima hapana haja ya wanafunzi watano kufuatia bila wewe kukubali. Kula na kunywa kidogo kidogo kunaruhusiwa kwa mama asiye na hatari maalumu.

Operesheni inahitaji saini ya mume?

Mwanamke mzima mwenye akili timamu hujiamulia na hutia saini mwenyewe. Mume ashirikishwe, tena ni vizuri, lakini mtoto akichoka tumboni hatumsubiri mtu aliye safarini.

Huduma ya uzazi ni bure, mbona nilitumwa kununua glavu?

Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 inasema huduma za mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma hazilipiwi. Mambo yalivyo mezani unayajua: lete glavu, pamba, uwembe, kamba ya kitovu, mpira wa kutandika, beseni, kanga. Wakati mwingine dawa zimeisha kweli. Wakati mwingine ni mtu anatafuta chochote. Kwa vyovyote, anayeumia ni yuleyule, mama aliyekuja na kanga moja aliyoivaa. Nimeona mama wa namna hiyo akipokewa wa mwisho na kusemwa wa kwanza. Kuna wengine hubaki nyumbani si kwa ujinga bali kwa kuogopa aibu ya kufunguliwa mkoba mtupu mbele za watu. Na aliyejifungulia nyumbani, katika baadhi ya vijiji hutozwa faini, basi akaogopa hata kumleta mtoto kliniki. Hapo tumemfukuza mara mbili.

Deni nalo lisimfungie mama wodini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia hospitalini akina mama waliojifungua kwa kuwa hawajalipa ni kuvunja haki zao.

Je, kuna wanaodharauliwa zaidi?

Wapo. Binti wa miaka 16 huambiwa "si ulijifanya mkubwa?", ilhali yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ndiye asiyejua hata aulize nini. Mwambie kila hatua kabla ya kumgusa. Mama kiziwi hasikii "acha kusukuma", kwa hiyo vua barakoa aone midomo, kubalianeni ishara kabla uchungu haujakolea, umruhusu aje na mkalimani. Mwenye ulemavu wa miguu hukutana na kitanda kirefu asichoweza kukipanda. Mwenye VVU husikia hali yake ikitajwa kwa sauti wodi nzima, kisha anaacha dawa ambazo zingemkinga mtoto. Faili lake litoshe kusema.

Na sisi manesi, mbona hututetei?

Najua usiku wa mkunga mmoja, wanaosukuma watatu, umeme umekatika na simu inashikwa mdomoni kama tochi. Mtu asiyekunywa hata chai tangu jioni hukasirika upesi. Nawadai wakubwa wetu watumishi, vifaa na mahali pa kupumzikia, nami sitaacha kudai. Lakini uchovu wangu hausababishwi na mama aliye mbele yangu, na kujitambulisha jina hakuchukui sekunde tano.

Nikitendewa vibaya nikaseme wapi?

Andika ukiwa bado unakumbuka: tarehe, zamu, kilichosemwa, aliyekuwepo. Anza na muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi wa kituo. Kila kituo cha umma kinapaswa kuwa na kamati yenye wawakilishi wa wananchi, na diwani au mwenyekiti wako wa kijiji atakuambia ni akina nani. Usiporidhika nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kosa la kitaaluma la muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na yule msindikizaji, kwani ni shahidi.

Usidhani haifiki mbali. Nchini Kenya mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013, kisha akatukanwa na kupigwa, alikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe fidia ya shilingi 2,500,000 za Kenya.

Mke wangu anakaribia siku zake. Mimi mwanaume nitafanya nini?

Mengi. Jueni kituo mtakachokwenda na atakayemsindikiza. Tafuta ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Weka nauli kando, na kama mko Tanzania andika 115 kwenye simu yako na ya mama yako. Namba hiyo ni ya bure, ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga, na mahali pasipo na gari la wagonjwa dereva wa jirani aliyesajiliwa hutumwa na kulipwa na mfumo, si na wewe. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, akipatwa na degedege, akitokwa damu, chupa ikipasuka bila uchungu au mtoto akiacha kucheza, hapo hakuna cha kusubiri wala cha kumwuliza mzee.

Mwambie asikubali kuharakishwa kutoka wodini, maana hata kwa uzazi usio na tatizo anatakiwa kukaa chini ya uangalizi saa 24 za mwanzo. Usiku wa kwanza mkirudi nyumbani, muulize waziwazi, hata kama mnaoneana haya: kanga umebadilisha ngapi? Ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, piga simu. Msingoje kupambazuke.